Wanyama hawahesabiwi kwa vichwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu Jumamosi moja ya mwezi uliopita, nilipokuwa mnadani Msalato, hapa Dodoma, na kuwasikia wafugaji wenzangu, watu wazima wenye uzoefu wa miaka mingi, wakijadili habari za punda. Mmoja wao alisema kwamba punda wamejaa kila kijiji cha Ugogo, kwamba kama biashara ya ngozi zao ingefunguliwa tena kila mwenye punda watano angeezeka nyumba yake kwa bati, na kwamba watakaochinjwa wangerudi baada ya miaka michache "kama mbuzi wanavyorudi". Waliomzunguka wakakubali. Nilitamani kumjibu pale pale, lakini mnadani watu wana haraka ya kuwahi usafiri, na mimi niliyefundisha biolojia katika shule za sekondari kwa miaka 32 najua kwamba jibu lake si la sentensi mbili.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tunapopanga kumvua, kumchinja, kumwinda au kumwangamiza mnyama yeyote, huwa tunauliza wako wangapi, na tukishapata idadi tunaona kazi imekwisha. Idadi ni ya lazima, lakini haisemi kitu kuhusu kesho mpaka tujue mnyama huyo anaanza kuzaa akiwa na umri gani, anabeba mimba kwa muda gani, anazaa wangapi kwa mara moja, anakaa muda gani kabla ya kuzaa tena, na kwa kawaida anakufa lini. Kila aina ya mnyama ina kalenda yake, na kalenda hiyo haikupangwa ovyo: imetokana na ukubwa wa mwili wake, na joto la mwili huo na la mahali anapoishi, na hatari zinazomkabili kabla hajafika uzeeni.

Nianze na ukubwa. Mama akipakua uji wa moto kwenye kikombe na kuacha mwingine kwenye sufuria kubwa, kila mtoto anajua upi utapoa kwanza. Uji wa kikombeni ni kidogo ukilinganishwa na eneo la nje linalopoteza joto, ilhali katika sufuria uji mwingi umekaa katikati, mbali na kingo. Mnyama mwenye damu moto yuko katika hali hiyo hiyo. Mdogo anapoteza joto upesi, na ili asife baridi usiku wa Julai lazima aunguze chakula upesi. Mwaka 1932 mtaalamu mmoja Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, Max Kleiber, alilinganisha nguvu wanayoitumia wanyama wakiwa wametulia, kuanzia panya na njiwa hadi ng'ombe, akakuta kwamba matumizi hayo hayapandi sambamba na uzito. Chukua panya shamba wa gramu 50 na fahali mkubwa wa kilo 500. Fahali ana uzito wa panya 10,000, lakini kwa kanuni ya Kleiber anaunguza chakula kiasi cha panya 1,000 tu. Maana yake ni kwamba kila gramu ya mwili wa panya inafanya kazi mara 10 zaidi ya gramu ya mwili wa fahali. Moyo wa panya mdogo wa nyumbani hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika, wa binadamu aliyetulia karibu mara 70, na wa tembo karibu mara 30. Mimba, kunyonya, kubalehe na uzee hufuata mdundo huo, si kwa usahihi wa saa ya ukutani, bali kwa mwelekeo usio na shaka.

Mwezi Mei mwaka jana tulikuwa tukivuna mtama nyuma ya nyumba, mjukuu wangu akafukua shimo kwa jembe kwenye ukingo wa shamba. Ndani mlikuwa na nyasi laini zilizotafunwa, na juu ya nyasi watoto 13 wa panya shamba, wekundu, bila manyoya, macho yamefumba, kila mmoja mkubwa kama karanga yenye ganda lake. Nilimwomba asiwaguse kwanza, nikamwambia tupige hesabu. Kila mtoto alikuwa na gramu 2 hivi, kwa hiyo wote pamoja walikaribia gramu 26, na mama yao hawezi kuwa alizidi sana gramu 50. Alikuwa amezaa nusu ya uzito wake baada ya mimba ya siku 23. Tembo jike wa tani 3 hubeba mimba miezi 22 na kuzaa mtoto mmoja wa kilo 100 hivi, yaani sehemu moja ya thelathini ya uzito wake. Panya akipata mvua na chakula, binti zake wanaweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi michache tu, na yeye mwenyewe huenda asifikishe mwaka mmoja shambani. Mjukuu wangu, ambaye ana miaka 11, aliniuliza kama panya anajua kwamba hana muda. Nilimjibu kwamba hajui, ila mwili wake umeumbwa kana kwamba unajua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamewafuatilia panya hawa kwa miongo kadhaa na kuonyesha jinsi kuzaana kwao kunavyofuata mvua. Ndiyo maana sumu inayowekwa baada ya masuke kuanza kuliwa huwa imechelewa: unaua mia, na mashimoni kuna mia tatu wanaonyonya. Wakati wa kuwabana ni mwisho wa kiangazi, wanapokuwa wachache, wenye njaa na kabla hawajaanza kuzaa, na kijiji kizima kifanye kazi hiyo kwa wiki moja, kwa sababu shamba moja likisafishwa peke yake linajazwa na panya wa jirani. Nami nawasihi wasomaji, tuache kuwapiga mawe bundi wanaolala juu ya dari za shule na makanisa yetu kwa kisingizio cha uchawi. Bundi mwenye makinda hukamata panya usiku kucha, wala hadai malipo.

Kweleakwelea nao ni wa kundi la wenye haraka. Ndege huyu wa gramu 20 hivi hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kila siku. Mayai yake, ambayo kwa kawaida ni 3, huatamiwa siku 10 hadi 12 tu, na makinda huacha kiota wakiwa na wiki 2 hivi. Ndege ya kunyunyizia dawa ikichelewa wiki 4 tangu mayai yatagwe, inakuta kizazi kipya kimeshatoka viotani.

Hata hivyo mtu asinielewe kwamba uzito peke yake ndio unaotawala. Panya buku, wale wakubwa wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, wana kilo moja au zaidi, na huishi miaka mingi kuliko panya shamba. Yule maarufu aliyeitwa Magawa, aliyepewa medali mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikufa Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 8. Hapo ukubwa unaeleza sehemu ya tofauti. Lakini tazama popo wadogo wanaokula mbu na nondo, wale wanaotoka jioni kwenye mianya ya paa. Wana gramu chache tu, wadogo kuliko panya shamba, na bado jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, naye anaweza kuishi miaka mingi. Huko Siberia popo mmoja wa gramu 7 aliyevishwa pete alikamatwa tena baada ya miaka 41. Anayeruka usiku na kulala pangoni haliwi ovyo na paka wala nyoka, kwa hiyo mwili wake una faida ya kujitunza na kuzaa polepole. Anayeweza kuliwa leo jioni hana faida hiyo. Hatari za nje zinaandika kalenda pamoja na uzito.

Sasa nirudi kwa punda, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Tuwaweke pamoja nguruwe jike na punda jike, wote wawili wa kilo 140 hivi. Uzito ni mmoja, joto la mwili linakaribiana, na wote wanaishi katika kijiji kimoja. Nguruwe anabeba mimba siku 114, anazaa watoto 8 au 10, kila mmoja wa kilo moja na kitu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Punda anabeba mimba miezi 12, wakati mwingine anapitiliza, na anazaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra sana na mara nyingi hawaponi. Tofauti hiyo inatoka wapi? Nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye ndiye asili ya nguruwe wetu wa kufugwa, alizaa kwenye kiota cha majani alichokijenga vichakani, kwa hiyo watoto waliweza kuzaliwa wadogo na wanyonge. Asili ya punda ni punda mwitu wa nchi kame za kaskazini mashariki mwa Afrika, ambako maji yako mbali na hakuna kichaka cha kumficha mtoto. Mtoto wa punda lazima asimame ndani ya saa moja au mbili na amfuate mama yake kwenye maji siku hiyo hiyo. Mtoto wa namna hiyo hawezi kutengenezwa kwa siku 114, wala hawawezi kukaa wanane katika tumbo moja.

Nilipotoka mnadani siku ile nilikaa chini ya mwembe nikafanya hesabu ambayo mwenzetu yule hakuifanya. Tuseme leo kijijini wamezaliwa mbuzi jike mmoja na punda jike mmoja, na wote wawili wanatunzwa vizuri. Mbuzi atazaa mara ya kwanza akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, kisha kila baada ya miezi 8 au 9, mara nyingine mapacha. Akifika miaka 6 amekwisha kuwa bibi wa vitukuu, na kizizi kizima ni uzao wake. Punda atazaa mara ya kwanza akiwa na miaka 3 au 4, na kwa kuwa ni wa kazi, wa kubeba madumu ya maji na magunia, mara nyingi hazai kila mwaka. Akifika miaka 6 ana watoto wawili kama bahati ni nzuri, na kama wa kwanza ni jike, bado hajaanza kuzaa. Mchinje punda jike mmoja leo, na pengo lake halitazibwa kabla ya miaka minne. Wachinje nusu ya majike wa kata moja kwa msimu mmoja, na akina mama wa kata hiyo watabeba maji kichwani kwa muda mrefu kuliko umri wa mtoto kumaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo naona wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walifanya jambo la busara walipoamua, Februari 2024 kule Addis Ababa, kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15. Wapo wanaosema muda huo ni mrefu mno. Kwa kalenda ya mbuzi ni mrefu kweli. Kwa kalenda ya punda, miaka 15 ni vizazi vitatu au vinne tu.

Kwa tembo hesabu ni kali zaidi, na sitakaa hapo sana kwa kuwa yameandikwa mengi. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka karibu 109,000 hadi karibu 43,000, na eneo la Ruaha na Rungwa, ambalo ni jirani yetu, ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Tembo wanaolindwa vizuri wakiongezeka kwa asilimia 5 kwa mwaka, watahitaji karibu miaka 19 kurudisha kilichoondolewa kwa miaka 5.

Joto ndilo jambo ambalo sisi wa Dodoma tungepaswa kulielewa kuliko wengine, na mimi mwenyewe, pamoja na ualimu wangu, nililipia ada ya kulijua. Mwaka 2011 niliuziwa mtamba wa ng'ombe wa kisasa, mkubwa, mwenye mabaka meusi na meupe, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba angenipa maziwa Dodoma kama alivyotoa mama yake kwenye nchi ya baridi. Alizaa mwezi Juni na kwa miezi mitatu tulikuwa tukikamua lita 14 kwa siku, nami nikaona nimefika. Ilipofika Oktoba, jua likiwa kali na majani yamekwisha, nilimkuta saa nane mchana amesimama chini ya mkwaju, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, mate yanachuruzika, mbavu zinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia kutoka Kigwe. Nilijaribu kuhesabu pumzi zake, nikashindwa. Wiki mbili baadaye alikuwa akitoa lita 5. Alipandishwa mara nne bila kushika mimba, na ilipita zaidi ya mwaka mmoja ndipo akashika.

Sababu yake ni ile ile ya uji, ila sasa inasomwa kinyume. Mwili mkubwa uliobarikiwa nchi ya baridi kwa sababu hautoi joto upesi, unageuka adhabu kwenye nchi ya joto kwa sababu hiyo hiyo. Tumbo la ng'ombe linalochachusha majani ni jiko, kiwele kinachotengeneza maziwa ni jiko jingine, na ngozi inayotakiwa kutoa joto hilo nje ni ndogo kwa uzito wake. Mjerumani Carl Bergmann aliandika mwaka 1847 kwamba wanyama wa jamii moja huwa wakubwa zaidi kadiri unavyokwenda kwenye baridi. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu amejibu swali hilo kwa mwili wake: ni mdogo, manyoya yake ni mafupi, na ana ngozi nyingi inayoning'inia shingoni inayoongeza eneo la kupoza damu. Mwili ukizidiwa na joto, jambo la kwanza kuahirishwa ni uzazi, kisha maziwa. Wataalamu waliofanya kazi katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa walilijua hilo muda mrefu uliopita, walipochanganya zebu wetu na ng'ombe wa Bara Hindi kama Sahiwal na Red Sindhi na kupata ng'ombe wa Mpwapwa. Inanisikitisha kwamba leo mfugaji wa Bahi anamjua ng'ombe wa Uholanzi kwa jina kuliko ng'ombe aliyezaliwa ndani ya mkoa wake mwenyewe.

Kwa viumbe wasio na joto lao wenyewe, yaani wadudu, samaki, vyura na mijusi, joto la nje ndilo linalosukuma kalenda moja kwa moja. Vimelea vya malaria ndani ya mbu huhitaji karibu siku 28 kukomaa kwenye nyuzijoto 20, lakini siku 12 tu kwenye nyuzijoto 25, na kwa kuwa mbu wengi hawaishi mwezi mzima, tofauti ya nyuzi 5 ndiyo tofauti ya kijiji chenye malaria nyingi na kijiji chenye malaria kidogo.

Lakini kiumbe ambaye ningependa kila mtoto wa Bahi amjue ni mdogo zaidi ya hao wote kwa umaarufu. Wiki chache baada ya mvua za Desemba kushika, watoto wa jirani zangu hutoka kwenye madimbwi ya mbugani, nje ya majaruba ya mpunga, wakiwa na visamaki kwenye kopo la rangi. Vina urefu wa kidole cha mwisho cha mkono. Dume ana rangi zinazong'aa kama shanga, jike ni wa kijivu. Dimbwi hilo mwezi Oktoba lilikuwa udongo mweusi uliopasuka kiasi cha kuingiza mguu, na haliungani na mto wowote, kwa hiyo wazee wengine husema visamaki vimeshuka na mvua. Havikushuka. Ni wa jamii iitwayo Nothobranchius, ambayo ina aina nyingi Tanzania, na mayai yao yalikuwa ndani ya tope lile miezi yote ya kiangazi. Mvua ikilowesha udongo, huanguliwa, na maji ya dimbwi yenye uvuguvugu huharakisha ukuaji wao; ndugu yao anayeishi Msumbiji na Zimbabwe amekutwa akiwa tayari kuzaa siku 14 baada ya kuanguliwa, na hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kubalehe upesi hivyo. Jike hutaga mayai machache machache kwenye tope karibu kila siku mpaka maji yanakauka na wote wanakufa, wazee na vijana pamoja.

Kuna jambo moja juu ya mayai hayo ambalo mkulima yeyote wa mkoa huu atalielewa kuliko profesa. Hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine hubaki yamelala ndani ya tope, yakingoja mvua ya pili, na mengine yakingoja hata mwaka unaofuata. Sisi tunajua mvua ya kwanza ya Ugogo inavyoweza kudanganya: inanyesha siku mbili, watu wanapanda, kisha jua linawaka wiki tatu. Mkulima mwenye akili hapandi mbegu zote siku hiyo. Visamaki hivi, visivyo na akiba ya nyumbani wala redio ya kutangaza hali ya hewa, vimekuwa vikifanya hivyo tangu kale. Naumia ninapoona madimbwi hayo yakifukiwa kwa kifusi mwezi Septemba na watu wakisema mahali hapo hapakuwa na kitu.

La mwisho ni bwawa la Mtera, na hili si la maumbile peke yake bali la mikono yetu. Nilipofika Mtera mara ya kwanza mwaka 1994, perege aliyekaangwa na kuuzwa kando ya barabara alijaza sahani. Mwaka huu, nikielekea Iringa msibani, mama mmoja muuza samaki alinipasulia perege asiyezidi urefu wa kiganja changu, na tumboni alikuwa na mayai ya manjano, yaliyokomaa. Yule hakuwa mtoto. Alikuwa mama mzima ambaye mwili wake umewahi kuzaa kabla ya kukua.

Samaki hutofautiana na sisi kwa kuwa huendelea kukua maisha yake yote, na kila siku anakabiliwa na uchaguzi wa chakula alichokula kiende kwenye mwili au kwenye mayai. Wavu wa matundu madogo na makokoro yanayoburuzwa ufukweni yakiondoa samaki wote wanaofika ukubwa fulani, wanaobaki kuacha uzao ni wale waliozaa mapema wakiwa wadogo, na tabia hiyo inarithiwa. Katika vijito vya Trinidad wataalamu waliwahamisha samaki wadogo waitwao gapi kutoka penye samaki wanaokula gapi wakubwa na kuwapeleka pasipo na hatari hiyo, na katika miaka 11 tu uzao wao ulikuwa umebadilika: wakachelewa kubalehe na kuzaa watoto wachache wakubwa zaidi. Mvuvi ni kama yule samaki mla wakubwa, ila anakula kwa kasi kubwa zaidi. Pwani ya mashariki ya Kanada, ambako samaki aina ya kodi walivuliwa kwa namna hiyo mpaka serikali ikalazimika kufunga uvuvi mwaka 1992, samaki walionekana wakibalehe mapema na wakiwa wadogo kabla hawajaanguka kabisa kwa idadi, na kufunga huko hakukuwarudisha upesi.

Kwa perege hasara ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni mwake. Mdomo mdogo hubeba machache. Jike mdogo hutoa mamia machache ya mayai, mkubwa anaweza kupita elfu moja, na kwa hiyo bwawa lililojaa perege wa kiganja linaweza kuwa na samaki wengi kwa idadi na bado likawa maskini wa uzao na wa kitoweo. Ndiyo maana nawaomba maofisa uvuvi, pamoja na kukamata nyavu haramu, wakae na wavuvi kuweka maeneo ya ufuko ambako wazazi wakubwa hawaguswi kabisa, kwa sababu kumwacha mtoto apite wavuni na kumvua kila mama mkubwa ni kazi nusu.

Na mabwana mifugo wa kata nawaomba jambo dogo lisilohitaji bajeti. Katika daftari la mifugo la kijiji, mbele ya idadi ya punda, waongeze safu mbili: majike waliofikia umri wa kuzaa, na watoto waliozaliwa mwaka huo. Kijiji chenye punda 200 ambao 150 ni madume ya mkokoteni si sawa na kijiji chenye punda 200 ambao 120 ni majike, hata kama jumla inayopelekwa wilayani ni moja.

Nina punda jike mmoja nyumbani. Alipandwa mwezi Januari, na sasa ana mimba ya miezi mitano. Tumbo bado halijaonekana, ila amekuwa mzito kupanda kilima cha kisimani, kwa hiyo nimempunguzia madumu kutoka manne hadi mawili. Atazaa Januari ijayo, Mungu akipenda, wakati majani yamechipua. Mtoto akiwa jike, nitakuwa na miaka 71 au 72 atakapojifungua wa kwanza wake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Bahi, Dodoma.